Historia ya Umuganda na Utunzaji wa Mazingira Kigali

Mgeni akiuliza kwa nini Kigali ni safi, mara nyingi hujibiwa kwa neno moja: umuganda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, maduka hufungwa, magari hupungua barabarani, na wakazi wenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutoka na majembe, mapanga na fagio. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Katika insha hii nitaeleza umuganda ulikotoka, kisha nitaonyesha kwamba kazi ya pamoja hutunza mazingira kwa muda mrefu pale tu wanaoifanya wanapokuwa na sauti ndani yake.

Kwa Kinyarwanda, umuganda ni nguzo ya kujengea nyumba. Zamani jirani akijenga, wenzake walikuja kumsaidia, naye siku nyingine aliwasaidia wao. Msomaji wa Tanzania atakumbuka ujima na msaragambo; wa Kenya atakumbuka harambee. Aliyekuja alijua anamfanyia nani kazi na kwa nini.

Kando ya desturi hiyo kulikuwa na uburetwa, yaani kazi ya lazima kwa machifu, iliyoenea tangu enzi ya mwami Rwabugiri mwishoni mwa karne ya 19. Wabelgiji waliikuta, wakaipanua na kuongeza kazi nyingine za shuruti. Miongoni mwazo ilikuwa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo vilimani. Mitaro hiyo ilikuwa na faida, kwa maana nchi yetu ni ya miteremko na mvua kubwa. Lakini kwa mkulima aliyeichimba kwa kuogopa kiboko, mtaro ulikuwa alama ya kuonewa.

Mwaka 1974 serikali ya Juvénal Habyarimana iliufanya umuganda kuwa mpango wa taifa. Wananchi walitakiwa kutoa sehemu ya siku moja kila wiki kupanda miti, kuchimba mitaro na kujenga shule. Miti ilipandwa kweli, ila mpango huo ulikuwa pia njia ya chama tawala kuwashika watu hadi vijijini. Ubaya wake ulidhihirika mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Mazoea ya viongozi wa mitaa ya kukusanya watu kwa kazi yalitumiwa kuwakusanya kwa kuua, na neno “kazi” lenyewe likapotoshwa. Kwa hiyo umoja peke yake hautoshi. Lazima tuulize ni umoja wa kufanya nini.

Umuganda ulirudishwa mwaka 1998 na kuwekewa sheria mwaka 2007, pamoja na faini isiyozidi faranga 5,000 kwa asiyeshiriki bila sababu. Mwaka 2008 ilitungwa sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, na mwaka huohuo Kigali ilipewa tuzo na UN-Habitat. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, Tanzania bara mwaka 2019.

Wapo wanaosema kwamba penye faini hapana hiari, na kwamba umuganda wa leo ni uburetwa uliovaa nguo mpya. Hoja hii siipuuzi. Hata hivyo, tofauti ninaiona katika kikao kinachofuata kazi. Mtaani kwetu, baada ya kuweka majembe chini, wakazi hukaa na kuzungumza: mtaro upi umeziba, maji ya nani yanabomoa ukuta wa nani, mwezi ujao tuanzie wapi. Mwezi ambao wakazi wenyewe wamechagua kazi, watu huja mapema na mtaro huangaliwa hata katikati ya wiki. Mwezi ambao kazi imeletwa tu kutoka juu, wengi husimama wameegemea majembe wakingoja saa 5.

Hili si jambo dogo. Mwezi wa Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130, hasa katika Mkoa wa Magharibi na wa Kaskazini. Kilimani, mtaro unaosafishwa au kuachwa unaweza kuamua kama nyumba ya chini yake itabaki.

Kwa hiyo, historia inatufundisha kwamba jembe ni lilelile na mtaro ni uleule, lakini mtaro wa shuruti huachwa pindi msimamizi akiondoka. Faini inaweza kumtoa mtu nyumbani Jumamosi moja. Ili kilima kiendelee kutunzwa siku zilizobaki, kikao kile cha baada ya kazi kinapaswa kupewa uzito sawa na kazi yenyewe, na sisi vijana tusikikimbie.