Ritifaa ya Chang'ombe: Kulabu za Vichujio katika Tovuti na Uhakiki wa Vyanzo vya Kidijitali

1. Utangulizi

Mtafiti wa historia ya Temeke anayetafuta jina la kata ya Chang'ombe katika tovuti zinazoendeshwa kwa WordPress anaweza kulikuta katika sura tatu. Katika kanzidata, jina huwa na ritifaa iliyonyooka, kama mwandishi alivyoipiga. Katika ukurasa unaosomwa, ritifaa hiyo huonekana imepinda. Katika anwani ya ukurasa, ritifaa hutoweka na kubaki “changombe”. Makala hii inajenga hoja kwamba tofauti hizi si lazima zitokane na uzembe wa waandishi. Zina chimbuko lake katika historia ya usanifu wa programu, na mwanahistoria asiyelijua chimbuko hilo anaweza kutoa hitimisho potofu.

Katika Kiswahili sanifu, ritifaa si pambo. Ndiyo inayotofautisha ng'oa, yaani kutoa kitu kilichoota, na ngoa, yaani shauku. Kuiondoa ni kubadili sauti, na pengine maana.

2. Chimbuko la Kulabu

WordPress ilitolewa tarehe 27 Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, kutokana na programu ya awali iitwayo b2 iliyoandikwa na Michel Valdrighi. Mtu aliyetaka kubadili utendaji wa programu za namna hiyo kwa kawaida alilazimika kuhariri mafaili ya kiini chenyewe, na mabadiliko yake yalifutika pindi toleo jipya lilipowekwa. Toleo la 1.2, la Mei 2004, lilileta programu-jalizi pamoja na kulabu, yaani sehemu maalumu katika msimbo ambapo kazi ya mtu mwingine inaweza kuning'inizwa bila kukigusa kiini.

Kulabu hizo ni za aina mbili. Kulabu ya tendo hutekeleza jambo wakati fulani unapofika. Kulabu ya kichujio hupokea thamani, huipitisha katika kazi zilizosajiliwa kwa add_filter, kisha huikabidhi kwa hatua inayofuata. Kazi hizo hufuatana kwa namba ya kipaumbele, ambayo kwa kawaida ni 10; yenye namba ndogo hutangulia. Kila kazi sharti irudishe thamani. Isiporudisha, maandishi yaliyoingia hupotea njiani.

3. Vichujio Viwili, Athari Mbili

Kiini chenyewe hutumia kulabu hizi. Kazi iitwayo wptexturize imening'inizwa kwenye the_title na the_content ili kugeuza alama zilizonyooka kuwa zilizopinda, kwa mujibu wa desturi ya uchapaji. Kazi hiyo hufanyika wakati wa kuonesha ukurasa tu, kanzidata haiguswi. Kinyume chake, anwani hutengenezwa kupitia sanitize_title, ambayo huondoa ritifaa, na matokeo yake huhifadhiwa katika kanzidata.

Tofauti hii ni ya msingi. Msimamizi wa tovuti aliyeko Kinondoni akiondoa wptexturize kwa remove_filter, kurasa zake zote, hata za miaka iliyopita, zitaonesha ritifaa iliyonyooka iwapo ndivyo zilivyohifadhiwa. Hata hivyo, anwani za zamani zitabaki zilivyo, kwa kuwa mabadiliko yake yalikwisha kuhifadhiwa. Vilevile, nakala zilizokwisha kuchukuliwa na hifadhi za intaneti hazitarekebishika, kwa sababu hifadhi hizo hunasa ukurasa uliokwisha kuchujwa.

4. Athari kwa Uhakiki wa Vyanzo

Kwa kompyuta, ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni alama mbili tofauti. Mtafiti anayehesabu matukio ya neno kwa ulinganifu kamili wa alama anaweza kuhesabu Chang'ombe mara chache kuliko ilivyotajwa, kisha akadhani kwamba kata hiyo haikuandikwa sana. Ukimya huo hautakuwa wa historia, bali wa kichujio.

Ipo tahadhari nyingine. Baadhi ya waandishi huandaa matini katika programu za uandishi ambazo hupinda ritifaa zenyewe, hivyo alama iliyopinda inaweza kuwa imeingia katika kanzidata tangu mwanzo. Kwa hiyo, ukurasa peke yake hauthibitishi ni nani aliyebadili alama. Uthibitisho hupatikana kwa kulinganisha ukurasa na rekodi iliyohifadhiwa.

5. Hitimisho

Makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, mtafiti atafute majina yenye ng' kwa sura zote tatu. Pili, aeleze iwapo chanzo chake ni kanzidata, ukurasa hai au nakala ya hifadhi. Tatu, anayesawazisha tahajia ahifadhi pia matini kama alivyoikuta. Mwanahistoria wa nyaraka za karatasi huuliza nani aliandika na nani alinakili. Anayesoma tovuti hana budi kuongeza swali: maandishi haya yamepita katika vichujio vipi kabla ya kunifikia?