Mahafali Lushoto: Kinachosherehekewa Kabla ya Matokeo

Msimu wa mahafali unapofika, magari ya abiria yanayopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto hubeba wageni wanaotambulika kwa urahisi. Ni wazazi na walezi waliovaa nguo zao za sikukuu, wenye mashada ya maua, keki zilizopakatwa ili zisipondeke kwenye kona za mlima, na khanga mpya zitakazotandikwa mbele ya muhitimu siku hiyo. Kwa kidato cha nne msimu huo huangukia Septemba na Oktoba. Kwa kidato cha sita huanza Februari na kuingia hadi mwanzoni mwa masika, wakati ambapo njia za vijijini huteleza na ukungu huchelewa kuondoka katika mji huu ulio takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari.

Ratiba ya siku hiyo inafanana karibu katika kila shule nchini. Mgeni rasmi hukaguzwa maonesho ya kitaaluma, mkuu wa shule husoma taarifa, wahitimu husoma risala yao, hufuata nyimbo, ngonjera na maigizo, kisha zawadi hutolewa kwa waliofanya vizuri katika kila somo na kwa waliotia fora katika nidhamu na usafi. Mwishoni majina huitwa moja baada ya jingine, vyeti hukabidhiwa, na ndugu husimama kumtunza mtoto wao.

Lipo jambo moja ambalo huwapita wageni wengi. Siku hiyo hakuna hata mwanafunzi mmoja ambaye amekwisha kufaulu au kufeli. Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba na matokeo yake hutangazwa Januari. Ule wa kidato cha sita hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai. Cheti kinachotolewa jukwaani ni cha shule, kinachothibitisha kwamba mwanafunzi amesoma hapo hadi mwisho na tabia yake ilikuwa hivi au vile. Cheti cha mtihani ni kingine na hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Ndiyo maana baadhi ya walimu huwaita wanafunzi hao wahitimu watarajiwa, jina lililo sahihi zaidi ingawa halipendezi sana kwenye mabango.

Mahafali, kwa hiyo, husherehekea kumaliza. Katika milima ya Usambara hilo si jambo dogo, na lina historia yake.

Elimu ya darasani iliingia Usambara ya Magharibi mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo chao Mlalo mwaka 1891, na shule zilifuata huko na katika vituo vingine vya misheni. Hata hivyo, kwa miongo mingi kusoma kulimaanisha madarasa machache ya msingi. Nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabika, na mtoto wa Mtae au Bumbuli aliyezipata aliondoka nyumbani kwenda bweni la mbali. Mitihani nayo ilitungwa nje ya nchi, kwanza Cambridge nchini Uingereza, kisha Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973.

Mabadiliko makubwa zaidi kwa vijiji vya milimani yalikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, ambao wananchi wanaukumbuka kwa jina la shule za kata. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika Wilaya ya Lushoto, ikijumuisha Bumbuli, wakiishi katika vijiji vilivyotenganishwa na mabonde na miinuko. Hapo kilomita za ramani hazilingani na saa za kutembea. Shule iliyo ndani ya kata ilimaanisha kwamba mtoto angeweza kusoma bila bweni wala chumba cha kupanga.

Ada iliondolewa hatua kwa hatua. Kuanzia Januari 2016 wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali waliacha kulipa ada ya shilingi 20,000 kwa kutwa na shilingi 70,000 kwa bweni, na katika mwaka wa fedha 2022/23 msamaha huo ukafika kidato cha tano na cha sita. Kilichobaki mikononi mwa mzazi ni sare, madaftari, nauli na matumizi mengine, na kwa familia inayoishi kwa kuuza karoti, kabichi na viazi mviringo, hayo si machache. Kilimo cha mboga kinahitaji mikono mingi siku za mavuno na siku za soko. Kijana mwenye nguvu za kubeba gunia na binti anayetafutwa kwa kazi za nyumbani mijini wote wana thamani ya fedha leo, ilhali shule huahidi thamani hiyo kwa miaka minne au sita ijayo. Anayefika siku ya mahafali ameshinda mvutano huo, na mara nyingi mama yake ameushinda pamoja naye.

Waliokatiza masomo njiani nao hawajafungiwa. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi. Wapo pia wanaosoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na kufanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Hao kwa kawaida hawana mahafali yenye keki, ingawa safari yao huwa ndefu zaidi.

Kwa upande wa ufaulu, jina la Lushoto limebebwa kwa kiasi kikubwa na shule za wasichana. Kifungilo, iliyo kwenye misitu juu ya mji wa Lushoto, ilianza kama makao ya watoto yatima yaliyoendeshwa na masista kutoka Ujerumani. Mmoja wa watoto waliolelewa hapo, Maria Nhambu, aliendelea na masomo Marian College mkoani Morogoro, akaenda Marekani, akawa mwalimu wa Kiswahili na masomo ya Afrika katika shule za sekondari za jiji la Minneapolis, na mwaka 2016 akachapisha kumbukumbu za utoto wake kwa Kiingereza katika kitabu kiitwacho Africa's Child. Shule ya Wasichana ya St. Mary's Mazinde Juu ni changa zaidi. Ilianzishwa mwaka 1989 na Padri Damian Milliken, Mbenedikto kutoka Marekani, wakati ambapo nafasi za sekondari kwa wasichana wa milimani zilikuwa finyu mno.

Katika matokeo ya kidato cha sita ya mwaka 2013, shule hizo mbili zilitajwa pamoja katika orodha ya shule 10 bora kitaifa. Wilaya moja ya milimani ilitoa shule mbili kati ya kumi, zote za wasichana. Mwaka huo huo taifa lilikuwa katika simanzi kutokana na matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri kabla ya matokeo kuchakatwa upya, na wengi wa walioumia walikuwa wa shule za kata. Sura hizo mbili za mwaka mmoja zinaonesha kwamba jina la wilaya kung'ara kwenye orodha hakukuwa na maana kwamba kila darasa la wilaya hiyo lilikuwa na mwalimu wa hisabati.

Orodha hizo sasa hazipo. Tarehe 29 Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani lilieleza kwamba halitatangaza tena shule bora wala wanafunzi bora, kwa kuwa utaratibu huo hauna tija na wanafunzi husoma katika mazingira tofauti. Uamuzi huo ulipokelewa kwa hisia mchanganyiko, na wapo wazazi waliozoea kuchagua shule kwa kutazama orodha. Kwa wilaya kama Lushoto, faida yake ni kwamba mafanikio ya shule ya kata yanaweza sasa kupimwa kwa kuilinganisha na ilivyokuwa mwaka uliopita, badala ya kuilinganisha na shule ya bweni inayochagua wanafunzi wake.

Matokeo yenyewe bado huwekwa wazi, shule kwa shule, kwenye tovuti ya Baraza, na mzazi anaweza kuyasoma mwenyewe. Kwa kidato cha nne huhesabiwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, hivyo pointi chache ndizo bora. Pointi 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 la Pili, na 22 hadi 25 la Tatu. Kwa kidato cha sita yanahesabiwa masomo matatu ya tahasusi, na Daraja la Kwanza ni pointi 3 hadi 9. Alama ya mwisho ya kidato cha nne haitokani na mtihani wa Novemba pekee. Asilimia 30 hutoka katika upimaji endelevu wa shuleni, ukiwemo Upimaji wa Kitaifa wa kidato cha pili. Mzazi anayeanza kufuatilia kidato cha nne, kwa maneno mengine, amechelewa miaka miwili.

Baada ya mahafali hutokea kipindi cha kusubiri, na hapo ndipo vijana wengi wa vijijini hupoteza nafasi walizostahili. Muhitimu wa kidato cha nne huwa amejaza machaguo yake ya tahasusi na vyuo kabla ya kuondoka shuleni, na matokeo yakitoka hupewa muda wa kuyabadilisha kwa njia ya mtandao. Asiye na taarifa hiyo hupangwa kwa machaguo ya zamani, yaliyojazwa kabla hajajua kwamba Kemia yake ingekuwa B. Machaguo yenyewe yameongezeka: mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi 65, na 49 kati yake zilipangwa kuanza Julai mwaka huo. Wanaotaka kuingia kidato cha tano wanahitaji angalau C katika masomo matatu yasiyo ya dini. Aliyekosa bado ana njia. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 1998, kipo hapo hapo Lushoto na hufundisha Astashahada na Stashahada ya Sheria, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA hupokea hata wenye ufaulu wa chini.

Kwa muhitimu wa kidato cha sita, baada ya mtihani wa Mei huja wito wa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, kisha matokeo, kisha maombi ya chuo na ya mkopo, yote ndani ya miezi michache. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, hukopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada tangu mwaka wa masomo 2023/24. Wanaofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi wanaweza kupata Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/23 kwa ajili ya masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Ufadhili huo hauwi deni la kurejesha.

Kikwazo kinachojirudia katika maombi ya mkopo ni cheti cha kuzaliwa. Bodi huhitaji cheti kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, na kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi pia. Familia nyingi za vijijini hugundua Julai kwamba jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na lililo kwenye cheti cha shule, au kwamba kifo cha baba hakikuwahi kusajiliwa. Marekebisho hayo huweza kuchukua wiki kadhaa, na dirisha la mkopo haliwasubiri. Usajili wa vizazi na vifo hupatikana katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na uhakiki hufanyika kwa mtandao. Muda wake mzuri ni Februari au Machi, muhitimu akiwa bado shuleni, wakati ambapo walimu wako karibu kulinganisha majina na fomu za usajili wa mtihani.