Mafiga Matatu

Kati ya Lindi na Mikindani kuna ghuba iitwayo Sudi. Kwa Kiswahili sudi ni bahati njema, lakini katika karne ya 19 bahati hiyo haikuwa ya kila aliyefika pale. Kilwa Kivinje ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya watumwa pwani ya kusini. Sudi ilikuwa miongoni mwa zile ndogo ambazo nazo zilipokea misafara kutoka bara, ikileta pembe za ndovu, sandarusi na watu.

Mtu aliyeteremshwa pwani kwa njia hiyo alipoteza mambo mengi, na mojawapo husahaulika kwa kuwa ni la kawaida mno: alipoteza nyumba. Simaanishi kuta na paa. Mtumwa aliweza kuwa na kibanda, pengine hata kipande cha kulima siku mbili kwa juma. Lakini mke angeweza kuuzwa, mtoto angeweza kugawiwa katika mirathi, na chungu kilichokuwa jikoni kilikuwa mali ya bwana kama yeye mwenyewe. Jiko lake halikuwa na kesho.

Nimekuwa nikisoma habari za njia hizi kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili, na kuna swali moja ambalo haliniachi. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu akishakombolewa, halafu Wakristo waliompokea wakamfundisha kwamba maisha ya kiasi ni mema mbele za Mungu, alisikia nini?

Jibu lake nalitafuta Masasi. Misheni ya UMCA, iliyoundwa na Waanglikana wa vyuo vikuu vya Uingereza, ilihamia Zanzibar mwaka 1864. Ilipokea watoto na watu wazima waliotolewa katika majahazi ya watumwa, na baadaye ikanunua shamba huko Mbweni ili wapate mahali pa kuishi. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa. Mbweni ilizidi kujaa, na wengi wa waliokuwa pale walikuwa watu wa bara ya kusini, ambao kwao hakukuwa kisiwani. Basi mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwachukua watu wapatao 55, wake kwa waume, akavuka nao hadi Lindi, na kutoka hapo wakapanda bara kwa miguu. Nia yake ilikuwa kufika mbali zaidi, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, penye vilima vya mawe na ardhi nzuri, wenzake wakapenda kukaa. Wakakaa.

Hebu tuutazame mwendo huo. Watu waliokuwa wameteremshwa pwani wakiwa mali, sasa walipanda bara kutoka pwani ileile wakiwa na majina mapya ya ubatizo. Walipofika walifanya kazi ambayo mtu yeyote wa kusini angeitambua: walikata miti, wakasimamisha nguzo, wakakandika udongo, wakaezeka nyasi, wakafyeka mashamba. Nyumba ya namna hiyo haina vitu vingi ndani. Ina mkeka, mtungi, kinu na mchi, ungo, na mafiga matatu ya kuinjikia chungu. Mmisionari kutoka Uingereza angeweza kuitazama na kuona umaskini mtakatifu. Mimi naona mafiga ambayo hakuna bwana anayeweza kuyahamisha, na ndoa iliyofungwa mbele ya madhabahu ambayo hakuna dalali anayeweza kuivunja kwa bei.

Wamisionari wenyewe waliishi kwa kiasi, na tuwape haki yao. Katika UMCA mtu hakulipwa mshahara: alipewa chakula, malazi na posho ndogo. Walitarajiwa kubaki bila kuoa. Wengi walikufa mapema kwa homa. Walikuwa wameacha nyumba za Uingereza, vyuo vya Oxford na Cambridge, na nafasi za kazi nyumbani kwao. Kiasi chao kilikuwa cha kuacha. Lakini ili uache kitu, lazima kwanza uwe nacho. Waliokuwa wakipiga magoti karibu nao kanisani hawakuwa na cha kuacha. Wao walikuwa wanaanza kupata.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika mavazi. Misheni haikutaka Waafrika wake wageuzwe Wazungu weusi. Iliona suruali na viatu vya Ulaya kuwa kiburi, ikapendelea kanzu kwa wavulana wake, vazi la nchi, jepesi na la heshima. Kwa macho ya Steere na wenzake, kanzu ilikuwa unyenyekevu. Ila pwani ilikuwa na kamusi yake ya nguo. Mtumwa wa kiume alienda kichwa wazi, na wa kike alijifunga kaniki au merikani. Kanzu na kofia vilikuwa alama ya mwungwana, na neno mwungwana lenyewe lilimaanisha mtu huru kabla halijamaanisha mtu mwenye adabu. Hivyo kijana aliyekombolewa alipovishwa kanzu, aliyemvisha aliamini anamfundisha kiasi, na aliyevaa alijiona amepanda daraja. Nguo ilikuwa moja, ikisomwa mara mbili.

Na uhuru huo wa Masasi haukuwa na ukuta. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana pale kwa jina la Magwangwara, waliivamia. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Hebu fikiria aliyechukuliwa kwa mara ya pili. Padre Chauncy Maples aliyekuwa akiiongoza Masasi alihamishia kazi Newala, na wengi wakatawanyika. Misheni ilirudi Masasi baadaye, lakini somo lilibaki: imani iliyotegemea kijiji kimoja cha misheni ingeweza kuteketea kwa asubuhi moja.

Iliyodumu ilikuwa imani ya majumbani. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa na misheni Zanzibar. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, kwa Nakaam, mkuu wa Kiyao, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuupata. Alikaa Chitangali miaka kumi na ushei pamoja na mkewe, akihubiri kwa lugha ya watu waliomzunguka. Hakuwa na kijiji cha peke yake cha Wakristo. Alikuwa na nyumba, na jirani waliweza kuona jinsi mume, mke na watoto wa nyumba hiyo wanavyoishi, wanavyokula na wanavyosali. Nadhani mahubiri mengine yote yalianzia hapo.

Siku hizi vijana wenzangu tunapenda kusifu maisha mepesi: punguza vitu, ridhika, usishindane na majirani. Makanisani nako tunaambiwa kwamba tamaa ni mwanzo wa anguko. Sina ugomvi na hayo. Lakini historia ya barabara ya Lindi kwenda Masasi inanifanya nimtazame kwanza anayesema, kisha anayeambiwa. Kiasi kinachochaguliwa na aliyeshiba ni sadaka. Kikiamriwa kwa mwenye njaa ni kongwa jingine, hata kama kimefungwa kwa aya ya Maandiko. Na kuna kiasi cha tatu, ambacho hatukitaji sana: kile cha mtu anayepata kidogo kwa mara ya kwanza na kukiita chake.

Utumwa katika Tanganyika ulikomeshwa kisheria mwaka 1922. Kwa hiyo waliojenga Masasi waliishi takriban nusu karne katika nchi ambamo mtu bado aliweza kuwa mali ya mtu. Kila jioni mama aliyeinjika chungu juu ya mafiga yake, akasonga ugali, akawaita watoto na kusali kabla ya kula, alikuwa anafanya jambo ambalo sheria ya nchi ilikuwa haijamhakikishia. Chakula kilikuwa kidogo. Lakini waliokizunguka walikuwa wake, na aliposema amina hakuna aliyehesabu kichwa.