Kitabu cha Kwetu Tusichokisoma

Nilifundisha Kiswahili katika sekondari za Handeni na Korogwe mpaka nilipostaafu. Hadi leo nikikutana na niliowafundisha, iwe Mkata au Mombo, shikamoo na marahaba zikiisha huwauliza: tangu umalize shule umesoma vitabu vingapi vya wakongwe wetu? Hunitajia vilevile vya mtihani, *Kusadikika* cha Shaaban Robert na *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, tena kwa dhamira na wahusika, kama walivyokariri.

Siwalaumu. Vitabu vilikuwa mali ya shule. Wanafunzi watatu walisoma nakala moja, na likizo ikikaribia zote zilirudi kabatini. Mtoto wa Sindeni au Magoma hakwenda na kitabu nyumbani, wala mzazi wake hakukiona. Mtihani ulipokwisha, na usomaji ukakoma.

Linaloniuma zaidi ni hili: kitabu kikongwe kuliko hivyo kinatuhusu sisi wenyewe. *Habari za Wakilindi* kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja, mtawala wa Mazinde, ambayo leo iko wilaya ya Korogwe, penye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda bara. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, walioko Magila, Muheza, walianza kukipiga chapa kwa sehemu mwaka 1895, Shaaban Robert akiwa bado hajazaliwa.

Humo yumo Mbega, mwindaji wa nguruwe kutoka milima ya Nguu. Ndugu zake walimnyima urithi kwa kuwa ni kigego, aliyeanza kuota meno ya juu. Alikimbilia Kilindi, ambayo ilikuwa sehemu ya Handeni mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2002, kisha akapanda Usambara. Huko Vugha akaua simba, na watu wakamtawaza; uzao wake ndio Wakilindi. Yamo pia ya Kimweri za Nyumbai, mtawala wa ukoo huo aliyefariki mwaka 1862, na vita vya watoto na wajukuu wake, ambavyo mateka wake waliuzwa utumwani.

East African Literature Bureau ilikitoa upya mwaka 1962, mwaka aliofariki Shaaban Robert. Lakini katika miaka yangu yote ya kufundisha sikukiona kwenye orodha ya vitabu teule. Niliwasomea wanafunzi kurasa kutoka nakala yangu. Nilipofika kwa kigego darasa zima lilinikatiza: neno hilo walikuwa wakilisikia kwa bibi zao. Siku hiyo hakuna aliyeniuliza kama litatoka kwenye mtihani.

Walimu wenzangu, tuwasomee watoto hata ukurasa mmoja kwa wiki. Wachapishaji, kirudisheni madukani kwa bei ya mkulima. Nawe uliyesoma Handeni au Korogwe, ukiulizwa umesoma vitabu vingapi vya wakongwe, anza kuhesabu na hiki.