Mbio za kuikimbia barafu

Najua wengi mko bize na test, ila leo nawaletea stori ya historia, na ni historia ya baridi! Sisi walimu watarajiwa tukishaandika ubaoni kwamba seli ikiganda inakufa, tunafunga daftari. Kumbe mambo hayakuishia hapo.

Kwanza tumjue adui. Baridi yenyewe si mbaya sana, muuaji ni barafu. Maji yakiganda yanajipanga kuwa fuwele. Zikiota ndani ya seli zinaiharibu. Zikiota nje, maji yanayobaki yanakuwa na chumvi kali na seli inanyauka. Ukipoza polepole mno inakauka, ukipoza haraka kiasi barafu inaota ndani. Yaani kote balaa.

Mmoja wa waliolivalia njuga jambo hili alikuwa padri! Basile Luyet, mzaliwa wa Uswisi, alifanya kazi Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, na mwaka 1940 yeye na Gehenio walitoa kitabu kizima kuhusu uhai na kifo kwenye baridi kali. Hoja yake: poza kwa kasi kiasi kwamba maji yakose muda wa kujipanga, yawe magumu kama kioo cha dirisha. Wataalamu wanaita vitrifikesheni. Wazo zuri, ila seli nyingi ziliendelea kufa.

Halafu ikaja bahati. Mwaka 1949 pale Mill Hill, London, Polge, Smith na Parkes walikuwa wanahangaika na mbegu za jogoo. Chupa waliyodhani ina sukari ya matunda ilikuwa na lebo isiyo yake, ndani mna gliseroli. Mbegu zikafufuka! Njia hiyo ikaenda hadi kwa ng'ombe, ndiyo maana kituo cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha, kinatunza mbegu za madume kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi -196. Mwaka 1984 Australia akazaliwa mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa.

Tatizo likabaki kwa yai la mwanamke. Ni seli kubwa, limejaa maji, na kwa njia ya polepole mengi yaliharibika. Hapa sio mchezo jamani. Fikiria dada wa umri wetu ameambiwa ana kansa. Matibabu yanaweza kumwokoa na yakamaliza mayai yake. Hajaolewa, kwa hiyo kiinitete hana. Akiweza kuyahifadhi mayai yenyewe, ana tumaini la kuzaa. Asipoweza, ndo basi.

Mwaka 1985 Rall na Fahy walirudi kwenye wazo la padri. Walitumia dawa nzito za kuzuia barafu, wakahifadhi viinitete vya panya bila barafu kabisa. Ila dawa hizo zikizidi ni sumu. Ukipoza haraka zaidi unahitaji dawa kidogo, basi mbio zikaanza. Kikwazo ni naitrojeni yenyewe: ukitumbukiza kitu inachemka na kukizungushia gesi, kama tone la maji linavyochezacheza kwenye kikaango cha moto. Gesi hiyo inazuia baridi isipenye. Dawa yake ni udogo. Kuwayama wa Japani mwaka 2005 alieleza kifaa cha Cryotop, kijiti chembamba chenye tone la kama mikrolita 0.1, linalopoa kwa zaidi ya nyuzi 20,000 kwa dakika. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kikaacha kuuita ugandishaji wa mayai kuwa ni majaribio.

Sasa utamu uko hapa. Mwaka 2009 Seki na Mazur, kule Tennessee, walipima mayai ya panya wakakuta kasi ya kupasha joto ina uzito kuliko ya kupoza! Yai lililopozwa vizuri likipashwa polepole, kile kioo kinalegea na barafu inapata nafasi ya kuota njiani. Mwaka 2014 Mazur na wenzake walipasha kwa mwanga wa leza, nyuzi milioni 10 kwa dakika. Dawa waliipunguza hadi theluthi moja, na karibu mayai yote yakapona.

Wazo hilohilo liko kwenye viungo. Mwaka 2023 watafiti wa Minnesota walihifadhi figo za panya hadi siku 100, wakazipasha kwa chembe ndogo za chuma zilizoamshwa na sumaku, kisha wakazipandikiza zikafanya kazi. Figo ya mtu bado, maana ni kubwa na kuipasha yote kwa pamoja ni kazi.

Mimi hii imenigusa kama mwalimu. Miaka mingi swali kubwa lilikuwa "tupoze kwa kasi gani?", kumbe wengi walikuwa wanafia kwenye safari ya kurudi. Siku mwanafunzi akiuliza swali la upande wa pili, tusimzime.

Watu wa biolojia, rusheni hoja zenu hapo chini. Nawahi foleni ya msosi.