Halijoto ya Anga ya Juu ya Ikweta: Upimaji wa Setilaiti kutoka Ngomeni hadi Latitudo ya Bonga, 1967–1988

Majukwaa ya San Marco na Santa Rita, yaliyosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, huandikwa katika historia kama mahali pa kurushia roketi. Ikweta hutajwa kwa kuwa mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi. Na setilaiti inayokumbukwa ni Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, kwenda kuchunguza miali ya eksirei ya nyota za mbali. Mtazamo huo unaacha jambo kubwa. Setilaiti za San Marco zenyewe, kuanzia ile iliyoondoka hapo tarehe 26 Aprili 1967, zilichunguza hewa ya Ikweta. (Iliyotazama nyota ilipewa jina la Kiswahili, zilizochunguza hewa ya hapa zilibaki na jina la mtakatifu wa Venice.)

Ugumu ulikuwa katika kipimo chenyewe. Zaidi ya kilomita 200 juu, molekuli ni chache mno kuweza kupasha kipimajoto cha kawaida, na halijoto maana yake ni kasi ya molekuli hizo. Kwa miaka mingi ilikisiwa kwa njia ya kuzunguka: Luigi Jacchia, nchini Marekani, alichunguza jinsi njia za setilaiti zilivyoshuka, akakokotoa msongamano wa hewa, kisha kutokana na msongamano akapata halijoto. Kosa lolote katika dhana za ukokotoaji liliingia moja kwa moja katika jibu.

San Marco 3, iliyorushwa tarehe 24 Aprili 1971, ilibeba njia mbili pamoja. Mizani ya Luigi Broglio, profesa wa Roma aliyeongoza mradi, ilipima msukumo wa hewa juu ya gamba la setilaiti. Chombo cha Nelson Spencer, wa Kituo cha Goddard huko Maryland, kilipokea gesi kupitia tundu dogo na kupima naitrojeni iliyoingia. Mtawanyiko wa mwendo wa molekuli, ukilinganishwa na kasi ya setilaiti, ndio uliotoa halijoto. Chombo cha aina hiyo kilirudi angani na San Marco 4 mwezi Februari 1974.

Njia ya San Marco 3 haikupita mbali zaidi ya nyuzi 3 hivi kila upande wa Ikweta. Bonga, wilayani Babati, iliyo zaidi kidogo ya nyuzi 4 kusini, ilibaki nje ya ukanda huo. Wembamba huo ulikuwa faida: latitudo ikiwa karibu ileile, tofauti ya mchana na usiku ilionekana wazi zaidi.

Bonga iliingia katika ukanda wa upimaji mwaka 1975, pale setilaiti ya Kimarekani Atmosphere Explorer-E ilipopewa njia yenye mwinamo wa nyuzi 19.7. Vipimo vyake viliwawezesha Spencer na wenzake kueleza, mwaka 1979, jambo ambalo mifano ya awali haikulitarajia: karibu na usiku wa manane, wakati hewa ya juu ya Ikweta ilidhaniwa kuendelea kupoa, halijoto yake hupanda tena. Wataalamu wamelihusisha na mawimbi ya hewa yanayopanda kutoka tabaka za chini.

Tarehe 25 Machi 1988 San Marco ya tano iliondoka Ngomeni ikiwa na chombo cha Spencer cha kupima upepo na halijoto pamoja. Ilikuwa setilaiti ya mwisho kurushwa kutoka jukwaa hilo.