Usingizi wa Pono: Mkuki, Kayaki na Maadili ya Kumchagua Samaki

Mswahili akitaka kumsema mtu aliyelala fofofo, husema amelala usingizi wa pono. Aliyeutunga msemo huo bila shaka alikuwa mtu wa bahari, kwa kuwa aliyeuona mwamba usiku ndiye anayejua kwamba jua likizama pono hujibanza kwenye pango la matumbawe na kulala hata ukamsogelea karibu na kumgusa. Baadhi ya jamii zake hujifunika utando wa ute mwili mzima. Katika Visiwa vya Solomon na Fiji, kurunzi za chini ya maji zilipoanza kupatikana kwa urahisi, wapiga mkuki waliwafuata usiku pono wakubwa wenye nundu, wanaozidi mita moja kwa urefu, ambao hulala kwa makundi kwenye maji ya kina kifupi. Leo kuna sehemu za visiwa hivyo ambako pono hao ni nadra kuonekana. Mkuki uliowamaliza haukuwa tofauti sana na ule wa mababu. Kilichoongezeka ni mwanga.

Naanza na kurunzi kwa sababu wapenzi wa uvuvi wa mkuki wa kujiburudisha, kuanzia California hadi Durban, wana hoja wanayoirudia kila wanapolaumiwa: kwamba hakuna njia safi kuliko yao ya kumtoa samaki majini. Juya hukokota kila lililo mbele yake, vifaranga na majani pamoja. Jarife humnasa kasa na nguru bila kubagua. Ndoana haijui nani atameza chambo. Mpiga mkuki humwona samaki wake, humkadiria, na akitaka humwacha aende zake. Yote hayo ni kweli, na sina nia ya kuyapinga. Ninachodai ni kwamba uwezo huo wa kuchagua haumpi mpiga mkuki cheti cha usafi. Unambebesha wajibu wa kujua ambao mvuvi wa nyavu hana. Mwenye wavu akileta pwani chewa asiyestahili kuvuliwa, anaweza kusema hakumwona. Mwenye mkuki hana udhuru huo.

Tumchukue chewa huyo huyo. Aina nyingi za chewa huanza maisha yao ya uzazi wakiwa majike, kisha baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Chewa mashuhuri wa Bahari ya Mediterania huanza kuzaa akiwa jike wa takriban miaka mitano, na anayegeuka dume huwa ameishi miaka kumi na zaidi. Wapo waliofikisha miaka hamsini. Ni samaki wa pango, habanduki kwake, na akimwona mgeni humkodolea macho badala ya kukimbia. Sasa fikiria dhamiri ya kawaida ya mvuvi mwema: acha wadogo wakue, chukua mkubwa. Kwa tasi, anayekua upesi na kuzaa mapema, kanuni hiyo inafaa. Kwa chewa, kila anayeitii kwa uaminifu anaondoa madume ya mwamba mzima, mmoja mmoja, na hakuna wa kushika nafasi zao mpaka jike fulani apate umri na umbo la kugeuka. Mvuvi huyo hana roho mbaya. Amekosa elimu ya viumbe, na madhara yake ni sawa na ya mwenye roho mbaya. Ufaransa ilipiga marufuku kumpiga chewa huyo kwa mkuki, kwanza Corsica mwaka 1980, kisha pwani yake yote ya Mediterania mwaka 1993, na taratibu wameongezeka tena, hasa katika hifadhi ya Port-Cros iliyoanzishwa mwaka 1963. Mpiga mbizi anayewakuta leo wakiwa wametulia mbele ya mapango yao anaona matunda ya watu kukubali kuzuia mikono yao kwa miaka mingi.

Australia ilipata funzo lake kwa papa. Kwenye pwani ya mashariki yupo papa aitwaye grey nurse, mwenye meno yaliyochomoza nje na sura ya kutisha, ambaye kwa kweli ni mpole na mzito wa mwendo. Katika miaka ya 1950 na 1960 wapiga mkuki walimuua kwa ajili ya sifa, wengine wakitumia mikuki yenye baruti kwenye ncha. Papa huyu huzaa watoto wawili tu kwa mimba moja, kwa hiyo idadi yake iliporomoka haraka. Jimbo la New South Wales lilimpa ulinzi wa kisheria mwaka 1984, wa kwanza wa aina yake kwa papa yeyote duniani. Na katika miaka ile ya 1960, enzi ya mashindano ya kupiga mkuki, Ron Taylor, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa kupiga mkuki huko Tahiti mwaka 1965, alichoshwa na kuua. Yeye na mkewe Valerie, naye bingwa, waliweka mikuki chini wakashika kamera, na kazi yao ikawa kutetea wale wale waliowahi kuwawinda. Sidai kwamba kila mpiga mkuki afuate nyayo zao. Ninachokiona kwao ni kwamba jicho lililozoea kumtazama samaki kwa karibu linaweza kupevuka na kuona zaidi ya shabaha.

Je, basi achaguliwe nani? Kigezo ninachokiona kuwa na manufaa kuliko ukubwa ni makazi. Kuna samaki wenyeji, kama chewa na pono, ambao maisha yao yamefungamana na mwamba mmoja na kazi yao haina mbadala. Na kuna wapita njia, kama nguru, kolekole na jodari, wanaofuata mikondo na dagaa. Pwani ya KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini, tunayoshiriki nayo Bahari ya Hindi, imekaribia kukijenga kigezo hiki ndani ya sheria. Chewa wakubwa wa aina mbili hawaruhusiwi kuguswa kabisa. Katika sehemu za hifadhi ya iSimangaliso ambako mkuki unaruhusiwa, unaruhusiwa kwa samaki wa maji ya juu tu. Mvuvi wa burudani hana ruhusa ya kuuza alichokipata. Hili la mwisho naliona kuwa na uzito kuliko linavyopewa: soko halishibi, ila sufuria ya nyumbani hujaa. Kigezo changu kina udhaifu, nakiri. Nguru naye anavuliwa kupita kiasi katika maeneo mengi, na kupita njia hakumfanyi awe wa bure. Hata hivyo, pigo linalomwangukia msafiri hugawanyika katika bahari pana, wakati pigo linalomwangukia mwenyeji hubaki pale pale lilipotua.

Kumchagua mpita njia kunabadilisha zana. Bunduki fupi ya mipira miwili inatosha kwa tasi pangoni. Kwa nguru wa kilo ishirini, anayepita mara moja kwenye maji mapana, inahitajika bunduki ndefu, mshale mzito wenye chembe inayofunguka ndani ya nyama, na kamba inayouunganisha mshale na boya juu ya maji ili samaki achoke kwa kuvuta boya badala ya kunyofoka. Wengi huzungumzia zana hizi kama mambo ya ufundi. Mimi naziweka katika maadili moja kwa moja. Samaki aliyechomwa ubavuni kwa bunduki isiyo na nguvu akaponyoka, hufia mbali, na hahesabiwi popote: hayumo katika begi la mvuvi wala katika takwimu za idara ya uvuvi. Ndiyo maana umbali wa kupiga unapaswa kupimwa kwa uwezo halisi wa bunduki, na ncha inolewe kabla ya kila safari. Samaki akishapatikana amalizwe papo hapo kwa kudungwa ubongoni. Waislamu wa pwani yetu wanajua kwamba samaki ni halali bila kuchinjwa. Ruhusa hiyo haijawahi kuwa leseni ya kumwacha atapetape nusu saa kwenye kamba.

Kisha kuna pumzi. Afrika Kusini, Italia na Ufaransa zinakataza kupiga mkuki huku mtu akivuta hewa ya mtungi, na sababu ni nzuri. Anayezama kwa pumzi yake ana mpaka wa asili: dakika moja au mbili chini, kisha lazima arudi juu. Samaki aliye kwenye kina cha mita thelathini analindwa na mapafu ya mwanadamu. Mtungi unaivunja hifadhi hiyo. Lakini pumzi ina hatari yake, na hapa sitaki kupita haraka. Kwenye kina cha mita kumi shinikizo ni mara mbili ya lile la juu, kwa hiyo hata oksijeni kidogo inatosha kumweka mzamiaji macho. Anapopanda, shinikizo hupungua kwa nusu na oksijeni iliyobaki hupoteza nguvu yake ghafla, hasa ikiwa alihema harakaharaka kabla ya kuzama na hivyo kuifukuza hewa chafu ambayo ndiyo humwashia mwili hamu ya kupumua. Huzimia mita chache tu kabla ya kufika juu, bila onyo. Dawa yake inajulikana: wawili wawili, mmoja chini, mmoja juu akitazama. Mtu anayewinda peke yake kwa sababu hataki kugawana samaki anaiweka rehani roho yake na machozi ya nyumbani kwao.

Zana ya mwisho ni kayaki, nayo ilizaliwa katika uwindaji wa kamba na boya. Wainuit wa Aktiki waliitengeneza kwa mifupa au mbao na ngozi za sili, wakaenda nayo baharini na chusa lililofungwa kamba, na mwisho wa kamba boya la ngozi ya sili lililojazwa pumzi. Boya la plastiki analolikokota mpiga mkuki wa leo ni mjukuu wa boya lile. Kayaki ya siku hizi ya kukalia juu, ya plastiki, yenye matundu ya kutolea maji, haihitaji petroli wala haipigi kelele, na watu wanaisifu kwa hilo. Mpangilio wake wa usalama hauna ugomvi: bendera ya mzamiaji juu ya mlingoti, nanga ndogo ya makucha inayofunguka upesi, kafi lililofungwa kamba lisichukuliwe na maji, bunduki iliyolazwa bila kuvutwa mpira na ncha yake kufunikwa. Mpira huvutwa mtu akishakuwa majini, si kabla.

Ninalolitilia shaka ni umbali. Zamani anayeogelea kutoka ufukweni aliishia pale nguvu zake zilipoishia, na mwamba wa nje ulibaki kuwa kitalu cha samaki bila mtu kuutangaza. Kayaki pamoja na kifaa cha kuonyesha mahali vimeufungua mwamba huo kwa kila mtu mwenye asubuhi moja ya nafasi. Mpaka ulioondolewa na chombo hauna budi kurudishwa na mwenye chombo, na mahali pa kuurudisha ni katika kupakia. Anayefunga nyuma ya kiti begi la barafu la samaki wawili ameshaamua atavua wangapi angali nchi kavu, akili ikiwa imetulia. Anayefunga kasha la lita mia moja ameamua pia, ingawa hajui.

Kwetu suala hili lina sura nyingine. Kenya ilipiga marufuku bunduki ya mkuki na juya kwa tangazo la serikali mwaka 2001. Bunduki iliyolengwa ni ya kienyeji, kipande cha mbao, ukanda wa mpira na chuma kilichonolewa, na imo mikononi mwa vijana wasio na mtaji wa kununua mtumbwi. Stephen Mangi na Callum Roberts, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006, waliuweka mkuki miongoni mwa zana zinazovunja matumbawe zaidi katika pwani ya Kenya, hoja inayoupinga usafi anaojivunia mpiga mkuki wa burudani. Na anayempiga kikande huondoa mlaji mkuu wa viumbe wa miiba (sea urchin) wanaoutafuna mwamba. Mtafiti Tim McClanahan ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mahali vikande walipokwisha, viumbe hao huongezeka na matumbawe hudhoofika.

Kwa hiyo naiunga mkono marufuku hiyo, kwa sharti kwamba imkamate kila mtu. Kijana wa Msambweni anayetafuta kitoweo hawezi kunyang'anywa chuma chake huku mgeni mwenye bunduki ya nyuzi za kaboni na kayaki akipita kwa jina la michezo. Na nchi zinazouruhusu mkuki kwa burudani zina haki ya kudai zaidi ya ada ya kibali. Dereva haingii barabarani bila mtihani. Mpiga mkuki naye aulizwe, kabla ya kukabidhiwa kibali, kuhusu chewa mkubwa kuliko wote kwenye mwamba anaoupenda: je, huyo ni jike au ni dume, na akiondolewa leo, nani atakayechukua nafasi yake, na baada ya miaka mingapi?